Lenzi Zisizofunikwa

Hombolo, Jumamosi, baada ya mavuno

Baba,

Shikamoo. Leo nakuandikia yote, hata yale ambayo Mama hajui.

Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana vitu vyako. Shangazi alichukua fremu yetu ya lenzi. Zile lenzi ndogo tulizotoa kwenye tochi mbovu, kila moja ikikusanya jua na kulishusha juu ya kipande cha seli ya sola kisichozidi ukucha wangu. Ulisema, "Seli tunazo chache, jua tunalo tele. Basi tulibane." Miguu ya fremu uliipima wewe, ili mwanga ukutane chini kabisa, penye seli.

Shangazi alizing'oa seli akazitupa jalalani. "Kaka kahangaika na vioo mpaka kafa. Angalau vinang'aa, vitafukuza ndege." Akaisimamisha fremu kwenye kichanja, juu ya masuke ya uwele ya Bibi. Akanigeukia. "We msomi, haina madhara?"

Nilikuwa nimepiga magoti jalalani, naokota seli zako. Nikajibu, "Haina, Shangazi."

Nilijua sheria yako: lenzi isiyo na seli chini yake hufunikwa. Nilitaka moshi kidogo tu, Baba. Aaibike.

Saa saba mchana kichanja kiliwaka chote. Bibi akaingiza mikono kuokoa masuke. Sasa namlisha mimi, vidole vyake vimefungwa bandeji. Jana alimeza tonge, akasema, "Mwanangu hakuniumiza akiwa hai. Ananichoma akiwa kaburini."

"Si nilisema?" Shangazi akadakia. "Vioo vya kichawi vile."

Mama aliinama. Mimi nikakata tonge jingine.

Mtoto wa Baba Mdogo, aliyezaliwa wiki iliyopita, alikuwa apewe jina lako. Bibi amekataa. Kesho baada ya ibada watakaa wachague jingine.

Seli kumi na moja bado nzima. Nilizijaribu juani kwa taa yako ndogo, ikawaka hafifu bila lenzi hata moja. Nilifurahi, halafu nikaona haya kufurahi.

Pumzika, Baba. Kesho, kabla hawajataja jina lolote, nitasimama mbele ya Bibi niseme kwamba niliulizwa, nikadanganya. Nakuahidi. Watanichapa, najua. Siogopi hilo.

Naogopa hili moja, na naomba unijibu upesi, hata kwa ndoto: ungekuwepo kesho, ungenifundisha tena, au ungeninyang'anya lenzi?

Binti yako,
Neema