Kamba Iliyopita Kamango

Jumatano, 2 Mei 2001, Butembo

Reli ya kushoto imenyooka. Ya kulia bado. Nimeshinda ndani ya shimo la asanseri, lifti ya wagonjwa tunayoijenga, na timazi mkononi, shingo inauma. Mvua imepita kwenye mabati, shimo likajaa maji tena. Tumeyatoa kwa ndoo.

Dokta Kambale alikuja kuchungulia, akarudi, akaja tena. Haulizi. Swali lake nalijua: itatembea lini? Hospitali hii ilikuwa depo ya mfanyabiashara. Wodi ya wanawake iko chini, chumba cha operesheni kiko etaji ya juu, na ngazi ya katikati ilijengwa kwa ajili ya watu wanaobeba magunia. Kona yake ni nyembamba. Kitanda cha kubebea hakipindi mpaka kiinamishwe, na mgonjwa anateleza.

Mota tunayo, imetoka kiwanda cha kahawa kilichofungwa. Kabini imekwisha kuchomelewa. Uzito wa beto, yaani wa zege, ule wa kushuka kabini inapopanda, umekauka. Kamba hakuna. Kamba za chuma zilizobaki mjini zimechoka kwa kuvuta makamyo kwenye matope.

Asubuhi amepita mdogo wangu Mbusa, kabla ya kurudi kwake Beni. Anavuka Uganda kuleta chumvi na sabuni. Nimemwomba aangalie na kamba. Nimemwonyesha unene kwa kidole. Akacheka. Kwake mimi ni Yaya, dada mkubwa.

"Yaya, mimi minauzisha sabuni, na weye unanituma kamba ya asanseri."

Ataleta. Mbusa hajawahi kuniambia hapana.

Ijumaa, 4 Mei

Kazi ya breki, siku nzima. Mataya ya chuma chini ya kabini, kila upande wa reli. Kamba ikivuta, mataya yanakaa wazi. Kamba ikilegea, resori, zile springi za kamyo, zinayasukuma yaing'ate reli. Basi. Hakuna umeme ndani yake, hakuna kitu cha kuharibika kirahisi.

Kakule, anayenichomelea vyuma, anaona tunapoteza wakati. Kamba ikiwa nzuri, breki ya nini? Nikamwambia tutafunga kamba mbili sambamba, kila moja iweze kubeba peke yake, na breki bado itakuwapo. Anachomelea vizuri, sina neno.

Kinshasa nilitunza asanseri za maofisi miaka mingi. Nilikuja huku kumzika Baba, vita vikafunga njia nyuma yangu. Kitu nilichojifunza kule: watu hawaogopi asanseri mbovu. Wanaizoea. Mimi sikuzoea.

Jumanne, 8 Mei

Hakuna habari ya Mbusa. Wanasema njia ya Kasindi, ile ya kawaida ya mpakani, ina askari wengi, wafanyabiashara wanazungukia Kamango.

Reli ya kulia imenyooka. Sikufurahi.

Alhamisi, 10 Mei

Mbusa amekufa.

Habari imepita kwenye foni ya parokia. Kamyo ilipigwa risasi kati ya Kamango na Beni. Dereva hakusimama, alikanyaga mafuta mpaka akatoka msituni. Mbusa alikuwa amekaa juu ya mizigo. Walipofika Beni ndipo wakapanda kumwangalia.

Nani alipiga? Kila mtu anataja kundi analolishuku. Mimi sitaji.

Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Jumamosi, 12 Mei, Beni

Tumemzika. Padri alikuwa na haraka, kulikuwa na maziko mengine yanamngoja. Mama hakulia. Kahindo, mke wa Mbusa, amelia mpaka sauti ikaisha. Sasa anafungua mdomo na hakuna kitu kinachotoka.

Mizigo yake iko uani. Chumvi, sabuni, kamba. Kahindo ndiye aliyenionyesha.

"Hii njo yako, Yaya. Uibebe."

Nilingoja watu waingie ndani kusali. Nikapitisha kitambaa juu ya kamba. Kikakwama, nikakivuta, kikakwama tena. Nyuzi zimekatika sehemu nyingi. Nikaipinda kwa nguvu, ikalia kama mchanga chini ya kiatu. Ndani ni kutu. Nje wameipaka grisi mpya, nyeusi, inang'aa.

Mbusa aliona grisi.

Nimerudi ndani nikasali na wengine. Sijasema kitu. Ningesema nini, siku hii?

Jumatatu, 14 Mei, Beni

Kamyo imeondoka kwenda Butembo, imebeba kamba. Mimi nabaki kwenye matanga. Nilimvuta dereva pembeni: amwambie dokta asiifunge mpaka nifike. Akasema ndiyo, ndiyo. Ni yule yule dereva. Ukiongea naye anaangalia barabara.

Ijumaa, 18 Mei, Butembo

Asanseri inatembea. Nimeingia uani nikasikia mota.

Kakule alikata sehemu zile zilizoonekana mbovu kwa macho. Zilizobaki hazikutosha kamba mbili. Akafunga moja. Imekwisha kupandisha wanawake wawili na mzee mwenye ngiri. Wote wazima.

Nilitaka kupiga kelele. Dokta Kambale akanifungia mlango wa bureau yake, akanieleza. Jumanne waliletewa mwanamke kutoka Manguredjipa. Wanaume wa kijiji walimbeba msituni kwa kipoyi, machela ya miti, wakipokezana, mtoto amekwama tumboni. Walifika naye hai. Kwenye kona ya ngazi, aliyekuwa mbele akateleza. Alikufa yeye na mtoto, mlangoni mwa operesheni. Kamba ilikuwa imelala chini, sakafuni, imefika jana yake. Wale wanaume waliiruka wakitoka.

"Dereva alinipatia habari yako," dokta akasema. "Niliisikia muzuri. Lakini Masika, ule mwanamuke angeishi."

Ni kweli. Angeishi.

Nikamwambia breki haijajaribiwa bado; siku kamba hii itakapokatika, tutasema hivyo hivyo juu ya atakayekuwa ndani: naye angeishi. Nimetoa fyuzi za mota, ziko mfukoni mwangu. Manesi hawanisalimii. Hata mimi nisingejisalimia.

Jumamosi, 19 Mei

Mama, Kahindo na watoto wamehamia kwangu. Risasi zinasikika upande wa Mavivi, Mama amekataa kubaki Beni. Nyumba imejaa magodoro.

Habari ya fyuzi imewatangulia. Nani aliwaambia sijui. Kahindo alisimama mlangoni pangu na kitambaa cha msiba kichwani. Sauti imemrudia, nzito, si ile ya zamani.

"Bwana yangu alikufa juu ya hii kamba. Na sasa unasema haiko muzuri?"

Mama aliangalia sakafu.

Nilitaka kumwambia Mbusa angekwenda hata bila kamba, alifuata chumvi. Ni kweli, na haisaidii kitu. Nikasema naogopa isije ikaua mtu mwingine.

"Weye unaogopa tu," akasema. "Mimi ilisha kunifikia."

Akaenda kuwasha moto wake peke yake, upande wa pili wa uani. Amepikia watoto wake huko.

Jumapili, 20 Mei

Baada ya misa nimemfuata dokta. Tumekubaliana hivi: tutajaza kabini mifuko ya mchanga, kwanza uzito wa kitanda na mgonjwa na manesi, halafu zaidi. Kamba ikihimili, narudisha fyuzi na kuomba radhi mbele ya wote. Isipohimili, hakuna mtu atakayeingia humo tena.

Sijui naomba nini. Ikihimili, wanawake watapanda, na mimi nitabaki mwanamke aliyedharau kifo cha mdogo wake. Ikikatika, Mbusa alikufa amekalia takataka.

Nimemwomba Mungu achague yeye. Ni woga, najua.

Jumatatu, 21 Mei

Tulianza asubuhi. Kakule na wabebaji walijaza mifuko. Kabini ikapanda, ikashuka, kimya, vizuri kabisa. Dokta akaniangalia. Tukaongeza mifuko. Ikapanda tena, polepole kidogo. Nesi mmoja akaanza kucheka kwa furaha.

Tukaongeza tena. Katikati ya njia nilisikia nyuzi zinaachia, moja moja, kama mtu anavunja vijiti. Halafu mlio mmoja mkubwa. Uzito wa beto ulianguka shimoni, nyumba nzima ikatikisika, vumbi likatoka milango yote miwili.

Kabini haikuanguka. Ilishuka kiasi cha mkono, ikasimama. Kakule alilala kifudifudi, akaangalia mataya chini yake na taa.

"Meno imeng'ata," akasema. Halafu akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Dokta Kambale alikaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti. Sasa ana sura ya mzee.

Ndipo nikamwona Kahindo. Alikuwa amesimama nyuma ya manesi, sikujua amekuja. Aliangalia ncha ya kamba inayoning'inia. Nyuzi zake zimefumuka, nyekundu kwa kutu. Aliangalia muda mrefu. Akajifunga kitenge vizuri, akaondoka.

Nilisema kweli. Sijawahi kuchukia kitu kama ukweli huu.

Alhamisi, 24 Mei

Kahindo hasemi na mimi. Hasemi na mtu.

Tumetoa mifuko, tumeishusha kabini kwa mikono. Wagonjwa wanapanda ngazi tena, yaani wanapandishwa. Jana mwanamke mmoja, leo mwingine. Nasikia miguu ya wabebaji kutoka chini, na nasimama mpaka wafike.

Kamba nyingine haitapatikana. Si mwaka huu. Njia zote zina mtu na bunduki.

Jumanne, 29 Mei

Nimeipima kona ya ngazi. Ukuta wake unabeba sakafu ya juu, haubomolewi hivi hivi. Unahitaji chuma kirefu cha kuubebea mzigo. Hospitali nzima ina chuma kirefu cha namna hiyo mahali pamoja tu.

Nimemwambia Kakule aikate reli ya kulia.

Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akavaa miwani yake ya kuchomelea, akasimama kidogo kabla ya kuwasha. Kazi ya miezi. Ilikatwa kabla ya saa sita.

Ijumaa, 1 Juni

Kona imefunguka. Tumepachika reli juu, tumejengea mawe na simenti. Kitanda kinapinda bila kuinamishwa. Bado ni watu wanne wanaobeba, bado wanahema, lakini mgonjwa analala sawa mpaka juu.

Dokta alipanda na kushuka na kitanda kitupu, yeye na wabebaji tu. Akanipa mkono. Hatukuongea juu ya asanseri. Tundu la kabini tumelifunga kwa mbao.

Jumapili, 3 Juni

Baada ya misa Kahindo alinikuta nyuma ya nyumba, nafua. Alikuwa amekwenda hospitali peke yake. Ameomba kwa Kakule kipande cha kamba, amekibeba ndani ya kitenge.

"Unioneshe," akasema.

"Nini?"

"Ile Mbusa hakuona."

Nikapangusa mikono. Tuliketi kwenye jiwe. Nikamwonyesha namna ya kuipinda na kusikiliza. Nikamwonyesha namna ya kuichokonoa kwa msumari, kufungua nyuzi za nje, mpaka ile ya katikati. Aliishika mwenyewe. Unga mwekundu ukabaki vidoleni mwake.

"Angejua?"

"Hapana. Kama hukufundishwa, huwezi kujua."

"Na ule alimuuzisha?"

"Ule alijua."

Akajipangusa vidole kwenye kitenge. Upepo ulipiga mabati ya jirani. Kwa muda nilidhani atalia, lakini hakulia. Aliniambia keshokutwa anaondoka na wanawake wa soko, watapita Kasindi, kwa ajili ya sabuni. Watoto wanahitaji kula, na wateja wa Mbusa wanauliza. Nilitaka kumshika mkono, kumwambia asiende. Sina kitu cha kumpa abaki. Sikumwagiza chochote.

"Ulisha kula?" akauliza.

Sikuwa nimekula. Akaenda kwenye moto wake, akarudi na chungu, akakiweka mbele ya mlango wangu. Tulikula pamoja, bugali na sombe, majani ya muhogo, watoto katikati. Mama alitugawia, kila mtu sawa. Hakuna aliyetaja safari.

Nimemaliza kufua. Nguo zimekauka kabla ya mvua.