Kuku wa Mkwe Hakaguliwi

Jumatatu, Februari 1994. Jua la kukausha koo, upepo na vumbi tangu asubuhi.

Nina hasira. Nimeosha vyombo kwa hasira, nimefagia kwa hasira, na sasa naandika huku kalamu ikitoboa karatasi.

Leo nimezika kuku wa mwisho, ukimtoa mmoja. Shimo liko nyuma ya choo, na ndani yake mna miaka yangu yote ya kuuza kuku pale soko la Lubao. Nimemwaga majivu juu, nikafukia, nikapigapiga udongo kwa jembe kuliko ulivyohitaji.

Watu wanasema kideri cha kuku ni ugonjwa wa upepo, huja na kiangazi, hakina mwenyewe. Uongo. Hiki changu kina mwenyewe. Kililetwa hapa ndani ya matenga mawili, juu ya baiskeli, na Mzee Nabwera wa Navakholo, mkwe wetu, babake mume wa binti yangu Rispa. Nami nikamwekea kiti.

Acha nieleze vizuri, nisije nikajidanganya baadaye.

Mimi sinunui kuku kwa macho. Lubao nzima wanajua. Namshika, napima kifua, nampanua bawa, nafungua mdomo, mwisho nainua mkia nitazame chini yake. Nikikuta kinyesi cha kijani kimegandia manyoya, narudisha, sijali ni wa nani. Hata mke wa pasta niliwahi kumrudishia wake. Wananiita daktari wa mikia. Wacheke watakavyo.

Lakini mkwe ni mkwe. Hubishani naye bei, humkazii macho, na huinui mkia wa kuku wake mbele yake, maana ni kama kumwita mwizi. Kwa hiyo siku ile niliwapokea kuku wake mmoja mmoja, kwa mikono miwili, nikitabasamu kama mjinga.

Mmoja wao alikuwa mtetea mwekundu. Nilipompakata, kiganja changu kiligusa kifua kisicho na manyoya, kina joto. Kuku anayeatamia. Hapo hapo tumbo langu likakaza.

Nani anauza kuku aliyelalia mayai? Huyo hauzwi hata karo ikikosekana. Mtu humuuza pale tu anapojua kwamba kesho huenda akamkuta amekufa. Nilijua hivyo kabla sijamweka chini. Mkono wangu ulijua.

Nikamwita mume wangu kando, nikamwambia moyo wangu unakataa, hawa tuwafungie mbali kwanza. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto: "Mama Rispa, wewe unashukuanga watu sana. Huyu ni mzee wa kanisa. Unataka msichana wetu aaibike kule?"

Nikanyamaza. Nikawachanganya na wangu.

Na kabla hajapanda baiskeli kurudi kwao, nikamchinjia jogoo. Jogoo wangu, mzima, aliyekuwa akiwika hadi shuleni wanamsikia. Mzee akala obusuma, ugali wetu, akala paja, akapewa firigisi kwenye kisahani chake kama heshima inavyotaka. Akaitafuna polepole huku akiusifu mkono wangu wa kupika.

Wale wake walianza kusinzia kabla wiki haijaisha. Shingo zikapinda, wakawa wanajizungukia wenyewe kama walevi. Halafu wangu. Niliwapa pilipili, nikawapa mshubiri kwenye maji, nikaomba. Bure. Kuku niliowaahidi watu wa harusi kule Amalemba waliisha wote, na watu wa harusi wakanunua kwingine. Sokoni wenzangu wanapitia mbali na tenga langu. Ni haki yao, hata mimi ningefanya hivyo.

Pengine ningepoa, kama si aliyoniambia Rispa.

Alikuja jana baada ya kanisa. Aliona banda karibu tupu, akaketi chini akalia. Nikadhani ananionea huruma. "Mama, hizo kuku zilikuwa zimeanza kufa tayari," akasema. "Mzee alisema zote zije kwako, kwa sababu ni wewe peke yako hauwezi kumkagulia."

Ni mimi peke yangu nisiyeweza kumkagulia.

Aliyasema hayo akitazama sakafu. Alijua tangu asubuhi ile matenga yalipokuwa yakifungwa, lakini mke wa mwana atasema nini mbele ya baba mkwe? Nami nilijua, nikanyamaza kwa ajili yake. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nikampa chai.

Tulijua wote wawili. Tukanyamaza wote wawili, kwa adabu.

Miaka yote nimeamini kwamba hili tumbo kukaza ni woga wa kike, maana ndivyo ninavyoambiwa. Si woga. Ni kuku wote niliowahi kuwashika, wazima na wagonjwa, wakiniambia jambo upesi kuliko ninavyoweza kulieleza. Mume wangu ameshika kuku wangapi? Yeye huwashika wakiwa kwenye sahani.

Sasa nije kwa leo, maana leo ndiyo imenimaliza.

Jioni Baba Rispa amerudi na habari kwamba Jumapili wakwe wanakuja kutupa pole. Kutupa pole! Mzee Nabwera mwenyewe, na mkewe. Na wageni wa namna hiyo huchinjiwa kuku, usipochinja umewatukana, hakuna asiyejua hapa. Basi Baba Rispa akatupa macho uani, akamwona yule mmoja aliyebaki. "Si yule yuko?"

Yule ni kuku wangu mzee wa shingo tupu. Naye aliugua, akapinda shingo, akalala siku kadhaa kama mfu, kisha akainuka akaanza kudonoa. Kuku aliyeponyoka kideri, kizazi chake hakifi kirahisi, hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Jogoo nitaazima. Leo asubuhi nimekuta yai. Kama kuna biashara yoyote iliyobaki katika nyumba hii, ni huyo.

Tumbo likakaza tena, vile vile kama siku ile.

Safari hii sikumwita mtu kando. Nimesema hapana, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia ua. Baba Rispa ametoka bila kumaliza chai yake. Anasema nimekuwa mtu mgumu. Anauliza wakwe watakula nini.

Ninachoogopa ni Rispa, maana yeye ndiye atakayerudi kulala kule. Je, nitakuwa nimemponza? Sijui. Ila najua kimya changu cha kwanza hakikumsaidia hata kidogo.

Jumapili nitamwekea Mzee Nabwera kiti kile kile. Nitamnawisha mikono. Nitatenga obusuma na sukuma wiki. Na kile kisahani cha firigisi nitakiweka mbele yake, kitupu, halafu nitakaa nimtazame usoni.