Meneja Amekataa Kula

Jumanne, 10 Juni
Baridi ya kukata masikio hapa Njombe. Meneja, goldifishi wetu – tumemwita hivyo kwa sababu kutwa anazunguka na kazi hafanyi – leo hazunguki. Kajibanza chini, mapezi kayakunja. Maji yana ukungu, tena yananuka! Jumapili tu nimeyabadilisha. Nimetoa robo, nikaongeza ya ndoo yaliyolala usiku kucha ili dawa ya bomba iishe.

Mama mkwe alichungulia mlangoni. Nilipogeuka akaondoka. Ndivyo tunavyoishi tangu tumlete kutoka Mlangali baada ya kumzika baba mkwe: mimi nikiingia, yeye anatoka. Heshima ya wakwe. Maneno yetu hupitia kwa mke wangu Dorkasi, na Dorkasi yuko kazini Makambako mpaka Jumamosi.

Jumatano, 11 Juni
Nimempigia Halfan, aliyetuuzia samaki kule Makambako. Akacheka: huyo kavimbiwa, bwana, mnamlisha kama ng'ombe! Afunge siku mbili tatu, mabaki yatolewe, ndiyo yanayooza. Nikabisha. Mimi humpa punje chache tu asubuhi!

Nikaingiza mkono kwenye kokoto za tangi lake. Ugali. Na harage zima.

Alhamisi, 12 Juni
Nilitoka kibandani ninakoshona nguo, nikarudi nyumbani kuchukua miwani, nikamsikia mama mkwe sebuleni. Anamwambia samaki: kula baba, kidogo tu, mwenzio alikataa kila nilichompikia mpaka akafa. Nikarudi kwenye cherehani bila miwani. Nimeumia sana.

Jioni nikamwomba Dorkasi aongee naye. Hataki! Ananijibu: nimwambie mama kwa simu kwamba chakula chake kinaua? Ndiyo kwanza ameanza kuongea, Enoki, hata kama ni na samaki. Na wewe usithubutu.

Nikafikiria kumhamishia Meneja chumbani. Lakini si nitakuwa nimemnyang'anya mama mtu wa kuongea naye? Mimi hajawahi kunisemesha. Namwonea wivu samaki mgonjwa – mtu mzima mimi!

Ijumaa, 13 Juni
Meneja kalala ubavu. Nilikuwa nachota maji machafu kwa kikombe, mama mkwe akaingia na sahani. Nikainuka nimpishe. Akasema, "Kaa, baba." Kwangu!

Akatazama maji. "Na huyu amekataa. Nimewakosea nini?"

Ningesingizia baridi. Juni hii, nani angebisha? Nikasema, "Mama, si wewe –" nikakwama. Kwa marehemu si yeye, ugonjwa ulishamfunga tumbo. Kwa Meneja ni yeye. Nitamwambiaje moja bila kumwaminisha jingine? Nikasema nafuata maji safi.

Sasa niko jikoni, ndoo imejaa, naandika badala ya kwenda. Nikinyamaza, samaki hafiki kesho. Nikisema, ataanza kujihesabia kila sahani aliyompelekea mumewe.

Ananiita. Kwa jina, jambo ambalo mkwe hafanyi!

"Enoki! Njoo uone, amefungua mdomo! Anakula!"

Hali chochote huyo. Anatafuta pumzi. Na sauti ya mama ina furaha ambayo sijaisikia tangu msiba –