Mpangaji wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mama anamfumua tena Mpangaji. Mama mdogo ndiye aliyekibatiza hivyo kile kijifuko cha kitambaa na punje za mtama, ambacho mama hukiweka kwenye sidiria upande wa kushoto tangu alipokatwa titi mwaka juzi. Alikishona mwenyewe. Fundi cherehani mzima anunue cha dukani? Aibu!

Anasema mshono unamchoma karibu na kwapa. Ameshaushona upya mara mbili na bado unachoma.

"Mpangaji msumbufu mpandishie kodi, dada!" Mama mdogo huyo.

Mama akacheka. Mimi nilikuwa nasoma riwaya. Ukurasa uleule.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kutoka shule, nikamkuta mbele ya kioo bila Mpangaji, mkono juu. Akaniita — yeye ambaye hataki nilione kovu!

"Profesa, wewe mwenye vidole vyembamba, hebu shika hapa."

Nikashika. Kuna kitu kigumu, kidogo. Kama kifungo cha shati kilichoshonewa ndani ya ngozi.

"Kumbe si mshono," akasema. Sauti ileile anayoitumia gauni la mteja likimbana kiunoni.

Profesa aliyemaliza rafu nzima ya maktaba! Nikamfunga zipu ya gauni.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari wake amemchoma sindano, akatoa kinyama cha kupima. Huenda ni kovu tu linakaza. Huenda saratani imerudi. Tusubiri.

Mama aliuliza jambo moja: anaruhusiwa kukanyaga cherehani? Anaruhusiwa.

Shuleni tulikuwa na mtihani wa hesabu. Nimejibu yote, na mwandiko mzuri. Sisikii chochote. Nimejifinya mkono kujaribu — unauma. Basi mimi mzima.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimefua soksi. Mpangaji yuko juu ya kabati, mama hamvai. Blauzi yake imelegea upande mmoja.

Jumanne, 11 Machi

Wamepiga simu kutoka hospitali. Majibu tayari, aende kesho asubuhi. Na aje na ndugu.

Mama aliuliza, ndugu wa nini? Hawaelezi kwenye simu.

"Si wanataka ndugu? Mimi peke yangu nina mdomo wa ndugu watano," akasema mama mdogo. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Akaenda kwake kupiga pasi nguo ya kuvaa.

Mama akachukua sketi yangu mpya ya shule. Gauni la bibi harusi wa Jumamosi halina hata mikono, yeye kashika sketi!

"Panda kwenye stuli. Simama wima, acha kujikunja kama ndoano."

Siku zote huniachia pindo la vidole viwili. Leo amekunja upana wa kiganja, kisha akakunja tena.

"Mama, si limezidi?"

"Utarefuka." Akanionyesha uzi. "Mwakani unakata hapa, unavuta, linashuka la kwanza. Ukirefuka tena, unakata hapa. Polepole, usichane kitambaa."

"Kwani hutanifumulia wewe?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye pindo, akizunguka stuli kwa magoti.

Sasa pini zimeisha. Niko kitandani, nasikia cherehani inakwenda. Bado hajanijibu.