Nimemkata Mama Miguu Mbele ya Mgeni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana jana saa nne asubuhi kiongozi wa safari alinipigia simu nikiwa kazini ghalani, akaniambia mama yangu amepata nafasi kwenye msafara wa kwenda kuona maporomoko ya maji, na mimi badala ya kufurahi nilikaa chini juu ya katoni.

Mama ana miaka sitini na minane, alikuwa karani wa posta, miaka thelathini na mmoja ameuza stempu zenye picha ya maporomoko hayo na hajawahi kuyaona, na tangu alipopata kiharusi anatumia kiti cha magurudumu, ila akishika fimbo anatembea hatua kumi na moja, kutoka kitandani hadi dirishani, nimezihesabu. Mwaka jana alianguka bafuni mimi nikiwa zamu, akavunjika mkono, na tangu siku hiyo hata akiinama kuokota kitana mimi namkimbilia, kwa hiyo aliposikia redioni kwamba kuna watu wanaosafirisha wasioweza kutembea vizuri na akajiandikisha bila kuniuliza, nilikasirika.

Kabla ya simu hiyo kiongozi alikuwa amekuja nyumbani, wenzake wanamwita Bwana Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki mfukoni, na nilitaka kumchukia nikashindwa. Alivuta stuli akakaa mpaka macho yake na ya mama yakalingana, akasema, "Shikamoo mama," akapima kiti, akapima mlango, akaeleza kwamba kabla ya kila safari yeye mwenyewe hukalia kiti cha magurudumu akapita njia nzima, vyoo vya nyumba ya wageni vikiwemo, na kwamba pale maporomokoni kuna ngazi ishirini na sita, kwa hiyo wao hupitia chini, njia ya mafundi wa pampu, ambayo ameijaribu mara tatu na mara ya kwanza akanasa kwenye kokoto robo saa nzima.

Mama akamtania, "Yaani wewe miguu unayo, lakini unalipwa kukaa?"

"Mama, usiwaambie matajiri wangu," akajibu, wakacheka kama waliosoma darasa moja.

Kisha akamuuliza, "Ukishika kitu, unaweza kusimama?" Nami nikarukia, "Hawezi. Hata kidogo." Nilidhani watamkataa, yaishe. Mama alinitazama. Bwana Futi hakuandika, alimsubiri mama, mpaka mama akasema taratibu, "Huyu ndiye anayenihudumia," ndipo akaandika.

Mgeni alipotoka mama aliniambia, "Kiharusi kiliniachia hatua kumi na moja, wewe umezichukua zote. Sikukuumbua mbele ya mgeni, lakini kusema utasema mwenyewe." Hajaligusa tena jambo hilo.

Sasa hawakumkataa. Gari lao lina nafasi mbili tu za kupanda kwa lifti mtu akiwa kwenye kiti chake, moja wamempa mama, na Bwana Futi akaniambia kwa nia njema kwamba mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kweli hasimami, amesogezwa hadi safari ijayo, miezi sita kutoka sasa, na kwamba orodha inafungwa Jumatatu saa sita mchana. Nikisema ukweli naogopa watamfuta mama kwa uongo wangu, nikinyamaza mwalimu wa watu anabaki ndani, na mshauri, bado naogopa ataanguka. Nifanye nini?

Binti wa Posta

*

Binti wa Posta, barua yako nimeirusha foleni kwa sababu ya Jumatatu yako.

Pole. Aliyewahi kumkuta mama yake sakafuni ana haki ya kuogopa. Hana haki ya kumjibia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa ulimi, na wanaochechemea ni mama na mwalimu.

Nimezungumza na mwanamke anayeongoza safari za namna hii, wa kampuni nyingine, bila kuwataja ninyi. Nilimuuliza kama msafiri hufutwa kwa kosa la mwanawe. Akacheka: "Dada, tukimfuta kila aliyesemewa na watoto wake, gari litaondoka na dereva tu." Halafu akaacha kucheka, akanieleza hatari yenyewe. Wasaidizi wawili wakijipanga kumwinua mtu waliyeambiwa hasimami, naye akajiinua ghafla katikati, wanaanguka wote watatu. Yaani uongo uliotaka umkinge mama na kuanguka ndio unaoweza kumwangusha. Rudia kuusoma mstari huo.

Nimeripoti kazi za watu kwa miaka mingi, na wanaojisifu hawaishi. Wanaonasa kwenye kokoto robo saa ili mgeni wao asinase, hao huwapati kila siku. Na mama yako amemeza aibu yako mbele ya mgeni bila kutoa hata chozi. Watu wawili wa aina hiyo wameshapanga safari. Kazi yako ni kuwapisha.

Leo ukirudi kutoka kazini, kalia stuli ile ile aliyokalia mgeni na umwombe mama radhi. Habari ya bafuni usimweleze, alikuwepo. Muulize kama bado anataka kwenda, na muulize siku mbaya anatembea hatua ngapi, maana kumi na moja huenda ni za siku nzuri, na kiongozi anahitaji hesabu zote mbili. Kama mama hajakualika safarini, usijialike.

Kesho Ijumaa, saa mbili asubuhi, mpigie Bwana Futi simu. Sema, "Nilikudanganya, mama anasimama," usiongeze utetezi. Mwombe arudi na futi yake amwone mama akisimama, apime na kipandio cha gari kama anakiweza kwa fimbo. Akikiweza, atakaa kiti cha kawaida na lifti inarudi kwa mwalimu. Asipokiweza, Bwana Futi ataamua kwa alichokiona, na hapo hutakuwa umemwibia mtu.

Ukishakiri, mpe mama simu, wewe nenda kachemshe chai. Hatua zake atazitaja mwenyewe. Orodha inafungwa Jumatatu, saa sita mchana.