Siti ya Urefu wa Kiti cha Jikoni

Jumamosi, 3 Mei

Mama Mkubwa kapiga simu tena. Macho yanazidi kufifia – watu anawaona kama vivuli mlangoni. Kamwambia mama: njoo nikuone ningali naona. Mama kajibu nitakuja, dada, nitakuja. Kakata simu, kanigeukia mimi: "Kwenye kile kigari chenu siingii."

Namwelewa. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, gari letu ni adhabu kwake. Liko chini mno. Kuingia ni kudumbukia, kutoka ni kuvutwa. Mara ya mwisho, pale kliniki, mume wangu na mlinzi walimshika huku na huku, gauni likapanda mpaka juu ya magoti, watu wanatazama. Hakulia. Alisema tu, "Mimi si gunia." Toka siku hiyo hajavuka geti.

Ndugu wawili, wamebaki wao tu, na wanatenganishwa na siti ya gari! Inaniuma.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia mume wangu tubadilishe gari. Nataka SUV ndogo, zile za familia. Kaweka kikombe chini. Ohoo, nikajua mhadhara unakuja. Zinakunywa petroli. Tairi zake ghali. Kwa nje unaona kubwa, ukifungua buti, dogo. Na kuegesha kazini kwake ni vita hata kwa pikipiki.

Nikamwacha amalize. Halafu: na mama je?

Kachukua kikombe tena. Kisha akasema, sauti ya chini, kwamba matuta ya mtaani nayo yanatukwangua tumbo la gari kila siku. Kajitafutia sababu yake, isije ikaonekana nimemshinda. Sawa tu!

Jumatano, 7 Mei

Jikoni kuna kiti kimoja cha mbao ambacho mama anakaa na kuinuka mwenyewe, bila mkono wa mtu. Leo alipolala mchana nimekipima kwa tepu yangu ya kazini, nikaandika kwenye kiganja. Mume wangu kanikuta nimepiga magoti. Kasema wenzako wanauliza injini. Mimi fundi cherehani bwana, napima ninachokijua.

Jumamosi, 10 Mei

Yadi ya magari. Dalali anafungua boneti, mimi nafungua mlango wa abiria na kutoa tepu. Kaduwaa. "Mama, unalishonea suti?" Mume wangu akajifanya hanijui, akaenda kupigapiga tairi mateke.

Jeupe – chini mno. La bluu – labda upande kwa ngazi. La kijivu – sawasawa kabisa na kipimo changu! Nusura nimkumbatie dalali. Tumekubaliana, letu kuukuu linabaki kwao. Usiku huu nitalala.

Ijumaa, 16 Mei

Limefika. Watoto wamegombea dirisha mpaka wakalizana. Mama katoka na fremu yake ya kutembelea, kavaa vizuri, hadi hereni. Kaipa siti mgongo, kajishusha taratibu...

Haikukubali. Siti imempita juu, kama vidole viwili hivi. Kajaribu tena. Mume wangu akasogea kumsaidia, mama kamtazama – akarudi nyuma mwenyewe. Mama kageuza fremu, karudi ndani, kavua hereni.

Nikakimbilia jikoni kukipima upya kile kiti. Jamani! Nilikipima, nikaongeza nafasi ya mshono, vile vidole viwili vya kukunjia. Naongeza kila siku, kwa kila nguo, wala siwazi. Nimekiongezea kiti nafasi ya mshono! Nimelia nimekikalia hichohicho.

Jumatatu, 19 Mei

Gari tamu, sikatai. Matuta hata hatuyasikii. Kwenye foleni naona mpaka mbele kabisa kuna nini, siendeshi kwa kubahatisha. Lakini buti! Mabegi ya shule na marobota yangu ya vitambaa, basi limejaa. Fremu ya mama tutaipakata? Na kituo cha mafuta wameshaanza kutusalimia kwa bashasha. Mume wangu anazipanga tu risiti mezani. Heri angesema.

Nimeleta kigoda cha kukanyagia. Mama kakitazama. "Nipande kigodani kama mwizi wa dirishani?" Sasa anakilalia paka.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia mama ukweli kuhusu ule mshono. Nilidhani atanifokea. Kacheka mpaka kashika nyonga! Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Kasema hata yeye angeongeza.

Halafu kaniuliza: "Nguo ikizidi urefu, unaitupa?" Hapana mama, nakunja pindo. "Haya basi." Kashika fremu, huyoo uani, hadi kwenye sakafu ya kufulia, ile ya saruji iliyoinuka kidogo. Kaigonga kwa mguu wa fremu. Leteni gari hapa.

Mume wangu akalileta, mama anaongoza: sogea, sogea, we mwanaume unaogopa nini, sogea – hapo! Kasimama juu ya saruji. Kageuka. Kakaa.

KAKAA! Kaingiza mguu mmoja, kaingiza wa pili, kavuta mlango, paa! Hakuna aliyemgusa. Mume wangu akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Mimi nimerukaruka kama mtoto. Mzigo umenitoka kifuani, we acha tu.

Jumapili, 25 Mei

Kwa Mama Mkubwa. Naandikia barazani.

Njia nzima mama hakufunga mdomo. Kumbe pale wamejenga! Kumbe lile duka limefungwa! Hereni zinacheza. Mimi nyuma na watoto, fremu tumeipakata kweli, miguu imekufa ganzi, na sijali hata kidogo.

Tumefika, mume wangu kamfungulia mlango. Mama kaangalia chini. Mchanga mtupu, tambarare, hakuna mwinuko.

"Kushuka nitashuka. Kupanda je?"

Tukatazamana. Safari ya kurudi hakuna aliyeiwaza! Baraza ipo, imeinuka vizuri, lakini kigeti ni cha watu, gari halipiti. Mume wangu akaanza, "Mama, tutaku..." – akameza maneno. Mama kavuta mlango wake, kaufunga. Yaani tumefika, halafu basi?

Mama Mkubwa akatoka, anafuata sauti. Kapapasa gari kuanzia taa. Nani kaleta basi hapa? "Mimi, dada," mama kajibu.

Mama Mkubwa kaitambua sauti. Kazunguka kwa kupapasa, kafungua mlango wa dereva, kajivuta juu, kakaa kwenye usukani. Kafunga. Akamshika mama uso kwa mikono miwili, akauleta karibu, karibu kabisa na macho yake.

Sasa wanacheka, vioo vimepanda, hatusikii neno. Chakula ndani kinapoa. Mume wangu anauliza tuwaite? Nimemwambia athubutu aone.

Mama kashusha kioo. Anataka ufunguo, wawashe redio. Mume wangu kashika mfuko wa suruali, hatoi, ananitazama mimi. Na Mama Mkubwa, mikono yote kwenye usukani, anauliza: haya, tunaelekea wapi?

Mama anamwambia akate kushoto.