Wachukuzi Walifika Mikono Mitupu

Dada Mwanaisha,

Nianze na habari njema. Kuanzia hapa Quionga mpaka ng'ambo Mtwara, hakuna mwanamume mwenye bahati kama mdogo wako Bakari. Mto Rovuma nimeuvuka mpaka mamba wananijua kwa jina, na hakuna mzigo wangu hata mmoja uliowahi kumdhuru mtu. Vitenge, sabuni, betri, vyote vimefika salama, na walioniagiza wananiombea dua. Najua ungesema nini: "Punguza maneno, Bakari, chakula kinapoa."

Arobaini yako tumeisoma. Mwanao Fatuma alipika wali wa nazi, chumvi ikazidi, tukala hivyohivyo, maana alikuwa anautazama mlango wa jiko kana kwamba unakuja kumsaidia kupakua. Kuku wako wamehamia kwangu. Wananidharau kama ulivyokuwa ukinidharau wewe, ila wao hawanicheki.

Sasa nikuambie nilichojifunza, mimi niliyeiacha klasi ya sita kwa sababu, kama ninavyowaambia watu, mwalimu aliniogopa.

Vile vidonge vya kunenepesha, Dada. Arusi ya Fatuma ilikuwa inakaribia, na mawifi zako wa Palma walikuwa wanakuita mwiko kwa wembamba wako. Ukaniambia, "Mama wa bibi arusi hawezi kusimama mbele za watu hivi." Nikakujibu hilo dogo, wanawake tele wanavimeza, mimi nitakuletea. Ukavimeza miezi mitano. Mashavu yakajaa, leso ikakukaa, na siku ya arusi ulicheza mpaka mawifi wakasogea kukupa nafasi. Nilijiona nimeumba mtu, Mungu anisamehe. Ukaniapisha nisimwambie yeyote kwamba unene ule umetoka kwenye kikaratasi cha vidonge. Vilipoisha nikakwambia viache tu, kazi imekwisha.

Wiki tatu baadaye ukaenda kuokota chaza, ukakanyaga gamba. Jeraha lenyewe dogo. Siku ya nne ulikuwa unatapika, unawaka homa, macho yamezama, tukakupakia kwenye pikipiki katikati yangu na Fatuma mpaka kituo cha afya.

Yule tekiniku, mtabibu wa kituo aliyetoka Nampula, alikupima presha, akapima tena, uso ukambadilika. Akauliza, "Ametumia dawa yoyote miezi hii?" Wewe kusema huwezi. Mawifi zako wamefika, wamesimama nyuma yangu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nikasema, "Hapana, sinyori. Parasetamoli tu."

Nilidhani ninakusitiri, Dada.

Baada ya arobaini nilirudi kwake peke yangu nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua kalamu akachora nyuma ya karatasi. Mwili una tezi mbili, anasema, zimekaa juu ya figo kama kofia. Zinatengeneza kitu kinaitwa kotisoli. Ugonjwa mkali ukiingia, hicho ndicho kinachoshikilia presha isianguke na kuuzuia uvimbe usije ukaula mwili wenyewe. Lakini hakitembei chenyewe. Ini linatoa wachukuzi, na kotisoli nyingi inabebwa nao kwenye damu ikiwa imefungwa, haifanyi kazi yoyote. Hapo nikamkatiza: wachukuzi nawajua, sinyori, nimeishi nao kivukoni! Akacheka kidogo. Mchukuzi akifika penye uvimbe, akasema, chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana zinamkata kamba, mzigo unaanguka palepale unapotakiwa. Hata joto la homa linamlegeza mikono. Ugonjwa ukizidi, wachukuzi wenyewe wanapungua, mizigo inafunguliwa mwili mzima, na zile tezi zinatakiwa zitoe mingine mbio.

Nikauliza, na dada yangu?

Akaiweka kalamu chini. Vile vidonge ni ndugu zake kotisoli. Ukivimeza miezi mingi, tezi zinaona ghala limejaa, zinalala. Ukiviacha ghafla haziamki siku ileile. Basi mguu wako ulipowaka, Dada, wachukuzi walikuja kama kawaida, kamba zikakatwa kama kawaida, na hakukuwa na kitu cha kuangusha. Ulipigana mikono mitupu, na mimi nimesimama pembeni ya kitanda najua ni kwa nini, ila sijui kwamba najua.

Nikamuuliza, je, ningesema? Akasema kuna sindano, wangekuchoma kile ambacho mwili ulishindwa kukitoa. Kisha akasema, "Labda." Neno hilo ninatembea nalo, ninakula nalo. Nikilikataa, nakufanya uliyekufa kwa ajali. Nikilikubali, sijui nitamwangaliaje Fatuma.

Na huyo Fatuma, Dada. Juzi nimeona mashavu yake yameanza kujaa. Mumewe anafurahi. Nikamuuliza, akainama akatabasamu kama wewe. Anavimeza mwezi wa tatu sasa, kanunua sokoni. Nilitaka kumnyang'anya nivitupe chooni, nikakumbuka kwamba kuvikatisha ghafla ndiko kulikokumaliza wewe. Nikabaki nimesimama na mikono yangu.

Nakuahidi hili: kesho asubuhi ninampeleka kwa yule tekiniku ampunguzie taratibu. Njiani nitamwambia kilichomuua mama yake, nani alikileta, na nani aliulizwa akakana. Atanichukia, na sitamkataza.

Lala, Dada. Mungu akupe nafasi kubwa kuliko ile ya siku ya arusi. Msamaha sikuombi kwa barua, kwa kuwa huna jinsi ya kunikatalia.

Zile sifa za bahati nilizojimwagia hapo juu ni uongo. Mzigo wangu ulikudhuru wewe.

Bakari